Nimefuta kafe saba kwenye ratiba ya Busan

Ratiba ya kwanza ilikuwa na kafe 14. Kafe 14, siku nne, watu tisa, na mmoja wao ni Hajjat, mama mkulima ambaye goti lake la kushoto linajua mvua kabla ya redio kutangaza. Nikapiga picha ile karatasi ya daftari nikamtumia kaka mmoja wa kwetu Mbale, Uganda, anayesoma huko Busan, Korea Kusini, nikaandika kaka hebu cheki imekaaje, akanyamaza kama masaa mawili ivi alafu akajibu maneno mawili tu. Dada, utawaua.

Nilinuna kidogo, sitaki kudanganya. Wiki nzima nilikuwa nakesha na simu, kila kafe nimeitafutia picha, nimeandika pembeni hii ina maua, hii ina bahari, hii ina keki ya viazi vitamu, hii ina paa la kupigia picha. Ila nikakumbuka yaliyonikuta mi mwenyewe kule mwaka 2024, nikachukua kalamu nyekundu. Sasa zimebaki saba, na kuna moja kati ya nilizofuta bado naiangalia kwa jicho baya, nayo inaweza ikarudi.

Kwa wale wageni hapa, kazi yangu ni kutembeza watu kwenye kahawa, Sipi na vijiji vya juu yake. Mgeni anakuja, anachuma zilizoiva, anamenya, anatwanga kwenye kinu, anakaanga kwenye moto wa kuni, anakunywa, anapiga picha na mbuzi wa jirani, anarudi Kampala. Wengine wanatuita magaidi kwa kufupisha ile ya Kiingereza, tour guide, mi nimewaambia jamani hilo neno kwa Kiswahili lina maana nyingine kabisa, na siku ukiliandika kwenye fomu ya viza usinipigie simu. Kiongozi wa watalii, basi, imetosha.

Safari hii ni kinyume. Mara hii wanaotembezwa ni sisi. Wakulima watano, wanne wa kwetu Bugisu, Hajjat akiwemo, na mzee mmoja anayelima kahawa aina ya robusta kutoka Masaka, vijana wawili mabarista wa Kampala, yaani watengeneza kahawa wa kwenye kafe, mama mmoja ana kafe yake Jinja, na mimi. Grupu yetu ya WhatsApp inaongea Kiswahili manake hakuna lugha nyingine ya kutubeba wote, wa Bugisu ana yake, Mzee wa Masaka ana Luganda yake tamu, na barista mmoja amezaliwa Bunia kule Congo akaja huku mdogo na mama yake, Kiswahili chake ndo cha kufurahisha kuliko vyote, akisema "batu beko", yaani watu wapo, Hajjat anacheka mpaka anashika ukuta.

Watu wananiuliza mbona Busan na sio Seoul. Seoul kafe ni nyingi, sikatai, na habari zenyewe zinaanzia huko, inasemekana mfalme Gojong aliipenda kahawa alipokuwa amekimbilia ubalozi wa Urusi mwaka 1896, na toka hapo mambo hayakurudi nyuma. Ila Busan ndo bandari. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa inayoingia Korea inashukia pale, kwenye makontena, magunia ya kilo 60 kama yale tunayopakia sisi kwenda Mombasa. Sasa wewe mtu ambaye toka uzaliwe unaona gunia linapanda lori linapotelea kwenye kona ya barabara ya Tororo, hutaki kuona linakoshukia? Mi nataka. Na Hajjat anataka, ingawa yeye anasema anaenda kuangalia kama hela zake ziko huko.

Alafu Busan wana watu. Jeon Joo-yeon, dada wa Momos Coffee, kampuni ya kahawa ya hapo Busan, ndo Mkorea wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia wa mabarista, Boston mwaka 2019. Mwenzake wa hapohapo Choo Kyung-ha akachukua ule wa kuonja mwaka 2021. Mwaka 2024 mwezi wa tano mashindano ya mabarista yenyewe yakafanyikia Busan, ukumbi wa BEXCO, bingwa akatoka Indonesia. Hapo ndo mi nilikuwepo, nimetumwa na kikundi nikabeba sampuli za Bugisu kwenye begi la mgongoni, maonyesho yakaisha nikabaki wiki nzima kwa yule kaka na wenzake.

Sasa niwaambie hiyo siku iliyonishikisha kalamu nyekundu.

Siku ya pili baada ya maonyesho nikasema leo natembea mwenyewe, najua kahawa mimi, nimekulia kwenye kahawa, itanifanya nini? Nikaingia kafe sita. Ya kwanza kahawa ya kuchuja, safi, nikasikia ua. Ya pili pia. Ya tatu nikaanza kuongea peke yangu. Ya nne mikono inatetemeka nikadhani ni baridi la kiyoyozi. Ya tano sikuhisi ladha yoyote, ilikuwa moto tu na uchungu, na hiyo ndo niliyoilipia hela nyingi kuliko zote. Ya sita sikumbuki hata ukuta ulikuwa rangi gani. Jioni kwenye treni ya chini ya ardhi moyo unapiga kama ngoma ya imbalu, ile ya tohara kwetu, jasho, tumbo linageuka, nikashuka steshen ambayo sio yangu nikatapika kwenye choo chao kisafi mpaka nikaona aibu. Mtoto wa mkulima wa kahawa, jamani.

Wataalamu wanasema mtu mzima asizidishe kafeini miligramu 400 kwa siku, na kikombe kimoja cha espreso mbili kinaweza kubeba mia na zaidi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, kikombe cha nne tayari uko ukingoni. Mi sikujua, nilidhani miligramu ni mambo ya dawa.

Na kule hukwepi kwa kusema mi nitakaa tu. Kafe nyingi zina sheria ya kila mtu kinywaji chake, mmekaa tisa mnaagiza tisa, imeandikwa kabisa mlangoni au kwenye mashine ya kuagizia. Sio roho mbaya, ukiangalia kodi ya hizo nyumba utaelewa, watu wanakaa na laptop masaa manne kwa kikombe kimoja. Sisi huku tumezoea mmoja anaagiza soda wengine sita wanamsindikiza. Kule hapana. Kwa hiyo hesabu inakuja ivi, kikombe cha kawaida tuseme won 5,000, hiyo ni kama shilingi zetu elfu 13, mara watu tisa ni won 45,000 kwa kila mlango mnaoingia. Kafe 14 ni won 630,000. Zaidi ya milioni moja na laki sita za Uganda, kwa kahawa, kutoka kwa watu wanaouza kahawa! Mama wa Jinja alivyoona hiyo namba kwenye grupu aliweka ile emoji ya kichwa kinapasuka akapotea siku nzima.

Ila kuna mlango wa nyuma niliugundua, sio lazima kinywaji kiwe kahawa. Karibu kila kafe ina chai ya yuja, ile machungwa yao na asali, ina juisi, ina maziwa ya viazi vitamu. Kwa hiyo sheria yangu mpya ni hii, kafe zisizidi mbili kwa siku kwa kila mtu, ya asubuhi watu wanakunywa kahawa kwa akili wakiwa na ulimi mpya, ya jioni kila mtu anaagiza anachotaka na hakuna wa kumcheka. Hapo napata nafasi ya kuwaonyesha mahali bila kuwaua.

Tatizo lingine ambalo picha za Instagram hazikuambii ni viti. Zile kafe nzuri za vichochoroni ni ndogo kama duka la simu pale Clock Tower ya Mbale, meza nne, viti vya kukalia watoto. Watu tisa mkiingia kwa pamoja, tena Waganda na Wagisu wenye sauti za sokoni, barista anabaki anawaangalia kama mmekuja kukamata mtu. Kaka akaniambia nigawe watu, watatu watatu, makundi matatu yanaingia kafe tatu za mtaa mmoja alafu tunakutana kona kusimuliana. Nilipinga mwanzo. Kwani nimewabeba kutoka Mbale ili niwaachie njiani? Ila nilivyofikiria nikaona ana akili, manake mtu akikaa watatu anaonja na kuongea, wakikaa tisa wanaangalia simu. Kwa hiyo Alhamisi tunafanya ivo, Jeonpo.

Jeonpo ndo ule mtaa karibu na Seomyeon. Zamani palikuwa maduka ya vyuma, spana, nyaya, vipuri. Kwa mtu wa Kampala fikiria Kisekka, pale kwenye spea za magari, alafu siku moja katikati ya grisi mtu anafungua kafe, mwingine naye, na wa vyuma bado wako, asubuhi huyu anakata bomba na huyu anachoma keki. Mwaka 2017 New York Times iliiweka Busan kwenye orodha yake ya mahali 52 pa kwenda na mtaa huu ndo ikautaja. Sasa hivi vyuma vimepungua, kafe zimekuwa nyingi kupita kiasi na zinafunguka na kufungwa kama uyoga, ndo maana kwa Jeonpo sijaandika majina kabisa kwenye ratiba, nimeandika tu mtaa na makundi. Ukiandika jina leo, Oktoba utakuta duka la nguo.

Na hapo kwenye kupanga saa ndo tuligombana na kaka nusura tusisalimiane. Aliniandikia, nyingi za Jeonpo zinafungua saa 11. Mi nikasoma saa kumi na moja, nikasema sawa, jioni, nikapanga asubuhi nzima tuende sokoni. Kumbe yeye anasoma ukutani kwao, 11, yaani saa tano asubuhi yetu. Ameshakuwa Mkorea bwana! Alafu nikagundua kitu kilichonichekesha peke yangu jikoni, Korea wako mbele yetu masaa sita kamili, na saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya kizungu masaa sita kamili. Kwa hiyo mi nikiwa Mbale nikisema sasa hivi ni saa nne asubuhi, ukutani kwao Busan mshale uko kwenye 4 hiyohiyo, tofauti kwao ni jioni. Ukiwa Uganda na Kiswahili chako huna haja ya kupiga hesabu, namba ni ileile. Ila ukishafika kule mambo yanageuka tena, na ndo maana kwenye ratiba nimeandika kila kitu mara mbili, saa ya ukutani na saa ya Hajjat.

Ijumaa ndo siku ninayoipenda kwenye ratiba yote, na imepangika kwa bahati. Hajjat alisema toka mwanzo mi Ijumaa naswali, kafe zenu zitanisubiri. Msikiti wa Busan, Al-Fatah, ulijengwa mwaka 1980 na uko karibu na steshen ya Dusil kwenye laini namba 1. Na Momos ile ya kwanza, walipoanzia mwaka 2007 kwenye kichumba kidogo tu, iko Oncheonjang, laini hiyohiyo, vituo vinne kabla. Kwa hiyo asubuhi tunaanza Oncheonjang, kahawa ya kuonja taratibu, alafu treni vituo vinne, Hajjat na barista mmoja wanaswali, sisi wengine tunatafuta chakula, alafu tunarudi Oncheonjang kuloweka miguu, kama siku hiyo pako wazi. Pale kuna maji moto ya asili toka zamani, jina lenyewe linasema ivo, na kuna sehemu ya nje ya kuloweka miguu bure. Bure! Goti la kushoto limeshawekwa kwenye ratiba rasmi, saa tisa na nusu mchana, ukutani 3:30.

Chakula kwa Hajjat na barista nimekipanga mapema, manake chakula kinachosifiwa Busan kuliko vyote ni supu ya nguruwe na wali. Samaki wapo tele, ni mji wa bahari, hatufi njaa. Mzee wa Masaka ameuliza kama kuna matoke. Nimemwambia Mzee, kuna wali. Akasema wali si chakula, ni kitafunio. Tumeishia hapo.

Jumamosi ni Yeongdo, kisiwa kilichoshikana na mji kwa madaraja, na hapa nimefuta kafe mbili nzuri sana ili nipate muda wa kusimama tu darajani. Daraja la Yeongdo lilifunguliwa mwaka 1934 na linanyanyuka upande mmoja kupisha meli, liliacha kunyanyuka toka 1966 mpaka 2013 wakalirudishia kazi yake, sasa linanyanyuliwa Jumamosi saa nane mchana, ukutani 2. Sio kafe, najua. Ila wakati wa vita yao ya 1950 mpaka 1953 Busan ndo ilikuwa makao ya serikali na wakimbizi walijaa kutoka kaskazini, na familia zikitengana njiani waliambiana tukipotezana tukutane daraja la Yeongdo, kwa sababu ndo jina la Busan ambalo wengi walikuwa wamelisikia. Watu walikuja kusimama pale siku baada ya siku wakiangalia nyuso. Nilipolisimulia kwenye grupu yule kijana wa Bunia hakuandika kitu, baadae usiku akanitumia voisi peke yangu, akasema sisi yetu ilikuwa ziwani, Ntoroko, mama alituambia mkipotea mungojee penye mtumbwi unafika. Nikamwambia basi Jumamosi wewe ndo utasimama mbele.

Baada ya daraja tunatembea kidogo mpaka Bongnae-dong, upande wa maghala na meli, ambako Momos wamefungua karakana yao ya kukaangia kahawa ndani ya ghala la zamani, toka 2021. Pale unaona magunia yenyewe, unaona mashine, unaona watu wanaonja kwa kijiko. Hii ndo kafe ambayo nisingeifuta hata kaka angelia. Wakulima wangu wanajua kahawa mbichi kuliko mtu yeyote mle ndani, nataka wakae upande wa pili wa kioo waangalie kijana wa mjini anavyohangaika kutafuta ladha ambayo wao waliiweka siku ya kuchuma, kwa kuacha ile ya kijani mtini.

Kuonja kumeleta vita nyingine kwenye grupu. Nilieleza kwamba waonjaji wanavuta kahawa kwa kijiko kwa kelele, sluuuurp, alafu wanatema kwenye kikombe. Hajjat akauliza, wanatema? Nikasema ndio Hajjat, ili wasilewe kafeini. Wanatema kahawa ya watu? Ndio Hajjat. Kahawa ambayo mimi nimeipalilia? Sikujibu tena. Yeye amesema hatemi, atameza, na kama ni kufa atafia mbele ya bahari.

Huinnyeoul nayo iko Yeongdo, zile nyumba nyeupe zimebandikwa juu ya mwamba na bahari chini, kafe zake ndo za kwenye picha zote. Nzuri kweli, sitaki kusema uongo, nilikaa pale nikaona meli zimetia nanga zimetulia kama ng'ombe mchana. Ila ni ngazi! Ngazi na vichochoro vya upana wa mtu mmoja na nusu, na juu yake wanaishi watu, wazee wenye nguo zao wamezianika, wanachoka na watalii kupiga makelele dirishani. Kwa hiyo tunapita barabara ya juu, mmoja mmoja, kimya, kafe moja yenye mlango barabarani, basi. Vijana wanaotaka kushuka washuke, warudi wenyewe.

Jumapili imebaki F1963 tu. Ni kiwanda cha nyaya cha zamani, kilianza 1963 kikafunga 2008, F ni ya factory, yaani kiwanda, na namba ni mwaka. Sasa kuna mianzi, duka la vitabu, na kafe kubwa ya Terarosa, hao wa kutoka Gangneung walioanza 2002. Ndani wameacha vyuma na mashine vimekaa. Hapo ndo watu tisa wanakaa meza moja bila mtu kukunja uso, ndo maana nimeiweka mwisho, tunaagana kama binadamu. Kule Gijang, kwenye zile kafe kubwa za ghorofa na bahari mbele, ndo iko ile niliyoifuta ninayoiangalia kwa jicho baya. Mama wa Jinja anaitaka kwa ajili ya kuiba mawazo ya kafe yake, ila ni mbali, foleni ya wikendi, na hela ya kikombe utafikiri umenunua na dirisha. Nimeiandika kwa penseli.

Kuna vitu vidogo ambavyo kwenye ratiba yangu vimechukua ukurasa mzima na najua ndo vitaokoa safari. Risiti usitupe, manake namba ya siri ya choo mara nyingi imeandikwa kwenye risiti, nimepata shida hiyo mi mwenyewe nikarudi kuokota karatasi kwenye pipa kama mwehu. Ukikaa ndani unapewa glasi au kikombe, sio kile cha plastiki cha kubebea, sheria yao inakataza, kwa hiyo ukitaka kuondoka nacho useme mapema. Ukishalipa unapewa kidude kinachotetemeka mkononi kahawa ikiwa tayari, nimewaonya ili mtu asikitupe akidhani ni mambo ya majini. Google Maps ilinigomea kwenye kutembea kwa miguu, weka Naver Map, jifunze kutafuta kabla hujapanda ndege. Na hii ya simu, Wakorea wanaacha simu na laptop mezani kushikilia nafasi wanaenda kuagiza. Mabarista wangu wa Kampala hawajaamini mpaka leo. Nimewaambia aminini ila nyie msifanye, tabia hiyo mkirudi nayo taksi paki mtalia.

Viongozi wa kule wana leseni, sheria yao ya utalii inataka kampuni zinazopokea wageni zitumie waongozaji waliofaulu mtihani wa kutafsiri na kuongoza. Kwa hiyo mimi na miaka yangu yote ya Sipi, kule sina bendera. Nimepitia kampuni iliyosajiliwa, wamenipa mwongozaji mwenye leseni kwa siku zote nne, mi nabaki wa kutafsiri Kiingereza chake kwenda Kiswahili na kuhesabu vichwa. Gharama yake iliniuma mwanzo. Ila alivyoona ratiba yangu ya kafe saba akaandika, nzuri, kuna nafasi ya kupumua, wengi wanaleta kumi. Nikampelekea kaka hiyo meseji bila maneno.

Viza tunaanza mwezi ujao, ubalozi wao uko hapo Kampala, na benki steitimenti za wakulima ndo kazi kwelikweli, hela ya mkulima inaingia mara moja kwa msimu alafu kimya miezi saba, uelezee mtu. Ndege hakuna ya moja kwa moja kutoka Entebbe, tunaangalia ya kupitia Addis mpaka Incheon, alafu treni mpaka Seoul, na toka hapo KTX, treni yao ya kasi, kushuka Busan kama masaa mawili na nusu na kidogo. Tumelenga mwisho wa Oktoba, sikukuu yao ya Chuseok ikiwa imepita na mvua zao za Juni na Julai zimesahaulika.

Oo, na vijana wasinisahaulishe, kule hata baridi iwe ya kuvunja mifupa watu wanakunywa americano ya barafu. Wana hadi neno lake, eoljuka, yaani hata nife kwa baridi, ya barafu. Hajjat amesema hao ni watoto wasio na mama. Yeye nimeshamtafutia yake, ile kahawa ya paketi, kahawa na sukari na krima kwenye kipakiti kimoja, waliivumbua Wakorea wenyewe, kampuni ya Dongsuh, mwaka 1976. Utaikuta ofisini, hotelini, kwa fundi viatu, kila mahali. Mabarista walikunja pua. Mzee wa Masaka akauliza tu, hiyo ya unga inatengenezwa na kahawa gani? Nikamwambia kahawa za unga kwa kawaida zina robusta nyingi, Mzee. Akaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa, MNAONA.

Huyuhuyu Mzee ana ombi ambalo sijalimaliza. Anataka kubeba kahawa ya kutafuna, ile ya Buganda inayochemshwa ikakaushwa, mgeni akija anakaribishwa nayo kwenye kikapu kidogo. Anasema hawezi kuingia nyumba ya watu ya kahawa mikono mitupu, kila kafe anaacha punje chache mezani. Kaka anaulizia forodha kama inapita. Nimehesabu vikapu vinavyotakiwa, saba, au vinane kama Gijang itarudi, na mke wa Mzee ameshaanza kusuka.